Bastola Moja, Mikono Mitatu

Vijana wangu, mmenisumbua vya kutosha. Kila Jumapili tukitoka kanisani pale Blacktown, lazima mmoja wenu anishike mkono aniulize, "Babu Anselm, ni kweli ulikuwa unatengeneza bunduki?" Na mwingine nyuma yake anadakia, "No way, huyu ni fundi cherehani, mama aliniambia." Wote mko sawa. Nilikuwa fundi cherehani Morogoro, kisha nikawa fundi bastola Liverpool, hii ya hapa Sydney siyo ya Uingereza, miaka ishirini na sita, na sasa ni mstaafu wa Quakers Hill ambaye kazi yake kubwa ni kumwagilia sukuma wiki na kubishana na binti yangu Neema juu ya nani amemaliza siagi. Mmetaka niandike, basi naandika. Kwa Kiswahili. Mkikwama, waulizeni mama zenu, watafurahi kuulizwa.

Kwanza niwatoe hofu. Bastola nilizoshika mimi hazikwenda vitani wala hazikukaa kiunoni mwa mtu. Zilikuwa za kulenga shabaha. Mtu anasimama, amevaa viziba masikio, mbele yake mita ishirini na tano kuna karatasi yenye duara jeusi, anaitoboa, anafurahi, anarudi nyumbani kula. Hapa New South Wales kila bastola ina karatasi zake, sanduku lake la chuma na kufuli lake, na mwenye nayo anachunguzwa kuliko kijana anayekuja kuposa. Kazi yetu karakanani ilikuwa kuzirekebisha, na kila ilipoingia aina mpya, kuipima na kuandika ripoti: inafaa au haifai, na inamfaa nani. Hiyo kazi ya kupima ndiyo nataka kuwaeleza, hasa ile ya mwisho kabla sijastaafu, maana nusura niiharibu. Walioniokoa ni kasuku mmoja mwizi na kandambili.

Mwenye karakana alikuwa Mzungu mrefu, mkavu, jina lake Kev. Maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza chake hata nyinyi mliozaliwa hapa mngehitaji mkalimani. Nilipomjua nilikuwa bado mfunga maboksi kwenye ghala, na siku hiyo nilikwenda Liverpool kutafuta sindano za cherehani. Nikapita mbele ya mlango wake nikaona kitu kilichoniumiza moyo: cherehani ya mkono, ya zamani, imewekwa chini izuie mlango usijifunge. Nikaingia bila kubisha hodi, nikamuuliza kama hana aibu.

"Ilikuwa ya mama yangu," akasema. "Imekufa, mate. Inafaa kuzuia mlango tu." Hilo "mate" ni la Kiingereza, yaani rafiki, siyo la mdomoni.

Nikaomba bisibisi. Baada ya nusu saa ile cherehani ilikuwa inashona aproni yake, na Kev amesimama juu yangu, shavu linamcheza. Halafu akasema, "Spring ni spring. Njoo Jumatatu, saa moja asubuhi." Hiyo ndiyo ilikuwa intavyuu yangu. Nyinyi siku hizi mnajaza fomu kurasa kumi na mbili, poleni.

Msidhani nilianza vizuri. Wiki ya kwanza nilisafisha bastola ya mteja mmoja mpole, na kwa kuwa nilitoka kwenye cherehani, niliipa mafuta kama cherehani: tone hapa, tone pale, na la ziada kwa upendo. Mteja akaenda nayo uwanjani. Risasi ya kwanza tu, mafuta yote yakamrukia kwenye miwani. Alirudi karakanani anapapasa ukuta. Kev hakunifokea. Alinipa kitambaa nimfute mteja miwani, akaniambia bastola inataka mafuta kiasi cha kuona kwamba yapo, siyo kiasi cha kukaangia.

Mwezi wa pili nilifungua spring bila kuishika vizuri, ikaruka. Tulitambaa sakafuni mpaka saa ya chakula, watu wazima wawili, tukimulika na tochi chini ya meza. Kev akachoka, akainuka anywe chai yake iliyopoa, na spring ikamgonga meno. Tangu siku hiyo kila spring tuliifungulia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Hata nyinyi mkifungua chochote chenye spring, fanyeni hivyo, mtanikumbuka.

Sasa upimaji. Kev alikuwa na sheria yake, nayo ilikuwa imepigwa chapa chini ya kila fomu ya ripoti. Aliamini bastola ya shabaha haijapimwa mpaka ijaribiwe na mikono mitatu: mkono wa anayejua, mkono wa anayedhani anajua, na mkono wa asiyejua kitu. Anayejua atakuambia bastola ikoje. Anayedhani anajua atakuambia atakavyoilaumu. Asiyejua kitu atakuambia ukweli. Mistari mitatu, saini tatu. Na kwa miaka yote hiyo, vijana wangu, Kev alisaini mstari wa kwanza na mimi akanisainisha wa pili. Nilimwambia mara nyingi kwamba sasa najua. Akanijibu, "Hivyo ndivyo anavyosema mtu wa mstari wa pili."

Alikuwa na kejeli nyingine aliyoipenda. Nikiwa nalenga, hunitazama halafu anasema, "Anselm, unapinda shingo kama kuku anayemchungulia mdudu." Nilidhani ni utani wake tu. Watu wote uwanjani walicheka, nami nikacheka, nikaendelea kupinda shingo. Ulikuwa mtindo wangu. Lishikeni hilo, tutalirudia.

Miezi miwili kabla ya kustaafu kwangu ikaja ile bastola. Umbo lake lilikuwa la zamani sana, lile la bastola za jeshi ambazo babu zenu waliziona kiunoni mwa maofisa: chuma kizito, mpini ulionyooka, kigongo, yaani kile kinyundo cha kupigia risasi, kinachokaa wazi kwa nyuma. Lakini ndani na juu walikuwa wameibadilisha. Ya zamani ilikula risasi nene ambayo sheria za hapa haziiruhusu hivi hivi kwa shabaha. Hii ilikula risasi nyembamba, milimita tisa, kumi tu kwenye magazini. Alama ya mbele ya kulengea ilikuwa na nukta ya kijani inayong'aa yenyewe. Alama ya nyuma ilisogezwa kwa skrubu, tiki, tiki, wakati sisi zamani tulikuwa tunaipiga tupa kwa mkono na kuomba Mungu. Na kilimi cha usalama, kile unachokisukuma kwa kidole gumba kabla ya kupiga, hakikuwa upande mmoja kama zamani. Kilikuwa pande zote mbili.

Niliitazama nikaona gari la kizamani lililofungwa redio mpya. Kwenye rasimu ya ripoti niliandika, tena nikapigia mstari: "Kilimi cha upande wa pili ni pambo lisilo na kazi."

Kev alitaka kuamua kama ataiweka dukani kwa ajili ya wanaoanza au atairudisha kwa aliyeiingiza nchini. Uamuzi ungefuata ripoti yetu. Tukaipima. Tulining'iniza triga kwenye mizani yake ya kupimia samaki, ambayo aliipenda kuliko ile ya umeme aliyopewa na wanawe, na triga ikaachia pale pale mara kumi mfululizo. Tukailaza kwenye mfuko wa mchanga, nikapiga tano, matundu yote yangefunikwa na kisahani cha chai. Kev akapiga kwa mkono, vivyo hivyo. Mimi nikapiga, shingo upande, si vibaya. Ukabaki mkono wa tatu.

Mkono wa tatu aliuleta Neema. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na huko alikuwa na rafiki, Furaha, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, Mkongo wa Uvira, anakaa Doonside. Furaha alikuwa ameomba kujiunga na klabu yetu ya shabaha. Siku alipokuja karakanani nilimuuliza sababu, kwa kuwa klabu inauliza, nami nilikuwa na udadisi wangu.

"Papa," akasema, "kwetu Uvira wakati bunduki ilikuwa inalia, tulikuwa tunaingia chini ya kitanda. Hapa mulango ukijifunga na upepo, mi niko chini ya meza, na bibi mwenye namusafisha ananiangalia. Mi nataka niisikie nikiwa nasimama. Na nisitetemeke. Njo hiyo tu."

Nikaichukua ile bastola mpya, nikaifungua juu, nikamwonyesha kwamba ni tupu, Kev akahakikisha, kisha nikamkabidhi kwa mkono wa kulia. Furaha akapiga goti kidogo akaipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko kwa chini. Jamani, nilifurahi! Miaka yote hiyo nawakabidhi watu vitu, wananipokonya kama kondakta anadai nauli. Nikamwambia Kev, "Umeona adabu hiyo?" Kev akasema ameona, ingawa hakuona kitu.

Na hapo ndipo nilipokosea, mbele ya macho yangu mwenyewe, kwa furaha tupu.

Klabu ilikuwa na mtihani wa wanaoanza. Risasi kumi, saba ziingie kwenye duara jeusi. Unapewa nafasi tatu, Jumamosi tatu. Ukishindwa zote, nafasi yako anapewa mwingine kwenye foleni, nawe unasubiri mwaka mzima. Furaha alijifunza wiki kadhaa. Usalama aliushika upesi kuliko watu niliowafundisha wenye digrii: kidole nje ya triga, mdomo wa bastola mbele daima, ukimaliza ifungue, itoe magazini, iweke mezani. Alisimama vizuri. Alipumua vizuri. Na risasi zake zikaenda upande wa kushoto wa karatasi, zote, moja huku, moja kule.

Jumamosi ya kwanza alipata tatu. Nikasogeza alama ya nyuma, tiki, tiki, tiki, nimsaidie. Kev akajaribu baada yangu, risasi zake zikatoka nje kulia, akanitazama vibaya. Nikairudisha ilipokuwa. Jumamosi ya pili Furaha alipata nne, na baada ya kila mlio mabega yake yalipanda mpaka masikioni. Alipoiweka mezani mikono ilikuwa inamtetemeka kiasi cha kushindwa kuvua viziba masikio. Nikamvulia.

"Papa, iyi bunduki haiko ya kwangu," akasema. "Iko inanichukia."

Nami, mwenye miaka ishirini na sita ya kazi, nilikubali. Jioni ile nilikaa jikoni nikaandika rasimu: bastola ni sahihi kwenye mchanga, ni sahihi kwa mwenye uzoefu, lakini inamvuruga anayeanza, haifai, irudishwe. Sentensi zilikuwa nzuri. Neema akasoma juu ya bega langu akaniuliza, "Dad, are you sure it's the gun?" Nikamjibu nina uhakika ni bastola, aende akaangalie siagi yake.

Jumamosi ya tatu ilikuwa na jua zuri. Mtihani wa Furaha uliwekwa mchana, mwishoni. Kwenye klabu ile kila mtu huleta sahani ya kitu, na Furaha alileta mandazi. Akayapanga kwenye meza ya verandani, akavua viatu vya kufunika vinavyotakiwa uwanjani, akavaa kandambili, akaenda kukaa mwisho wa pili wa veranda na kikombe cha chai kumsubiri mwenye zamu ya kusimamia uwanja amwite. Neema alikuwa amemshika bega. Mimi nilikuwa mbali kidogo, nimebeba ile rasimu mfukoni, najisikia vibaya.

Ndipo akashuka kasuku. Mnawajua, wale weupe wenye shungi la manjano, wenye kelele na wasio na haya. Akatua ukingoni mwa meza, akatuangalia sote, akachagua andazi kubwa kuliko yote.

Kabla sijafungua mdomo kandambili ilikuwa hewani. Ilipita kati yangu na Kev, hatua kumi na zaidi, ikagonga ukingo wa sahani, chini kabisa ya mdomo wa yule ndege, tang! Andazi likaruka, kasuku akapiga yowe akaondoka bila kitu na bila jeraha. Verandani wakapiga makofi. Kev akasema, "Strewth," ambayo kwao ni "Loo!"

Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa naangalia mkono wa Furaha ambao bado ulikuwa umenyooka mbele yake. Wa kulia ulikuwa na kikombe, na chai haikumwagika hata tone. Uliotupa ni wa kushoto.

"Furaha," nikamwambia, "wewe ni mashoto?"

Akauficha mkono nyuma haraka, kama mtoto aliyekutwa na kitu cha wizi. "Hapana, Papa. Naandika na kuume. Nakula na kuume."

"Sikuulizi hayo. Kutwanga sombe, kile kisamvu chenu?"

"Kushoto."

"Kuwatupia mbuzi mawe?"

"Kushoto, Papa. Kazi ya nyumba yote ni kushoto."

"Sasa kwa nini bastola uliishika kwa kulia siku ile?"

Akanikazia macho kwa mshangao wa kweli. "Papa, si weye njo mukubwa? Ulinipa na mukono wa kuume. Mi nikupokeleye na kushoto? Mama angetoka Uvira na miguu aje anichape!"

Neema akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, kisha nikaacha. Watu wa klabu wasingeweza kuliona hilo. Kwao mkono ni mkono. Mimi ndiye niliyepaswa kuliona. Nililelewa vile vile. Bibi yangu Morogoro alinifunga mkono wa kushoto na kipande cha khanga wakati wa kula, na mwalimu wa darasa la kwanza akamalizia kwa rula. Nilizaliwa mashoto, vijana wangu. Nilikuwa nimesahau kabisa, jinsi mtu anavyosahau nyumba aliyohama akiwa mdogo. Na mtoto wa mwenzangu alipoleta mbele yangu mkono wa kulia uliofunzwa vile vile, nikausifu kwa adabu.

Nikamfanyia Furaha jaribio ambalo Kev alinifundisha zamani na ambalo sikumfanyia, kwa sababu nilimhukumu kwa mkono wake. Jaribuni hapo mlipo. Nyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikutane, acha katundu kadogo katikati. Tazama kitu cha mbali kupitia hapo, macho yote mawili wazi. Sasa fumba jicho moja. Kikipotea, jicho ulilofumba ndilo linalolenga. Furaha akatazama mti, akafumba la kushoto, mti ukapotea.

"Eh!" akasema. "Muti umekwenda!"

Jicho la kushoto, mkono wa kushoto, na sisi tumempa kulia kwa wiki kadhaa tukailaumu bastola.

Mwenye zamu akamwita. Furaha akavaa viatu vyake. Nikaiweka bastola mezani, wazi, tupu, mpini ukielekea kushoto, nikarudi nyuma. Hakukuwa na muda wa mazoezi. Alitutazama, Neema akamwitikia kwa kichwa, kisha mkono wake wa kushoto ukaushika ule mpini, na nikaona mabega yake yakishuka kabla hajafanya kitu. Kidole gumba cha kushoto kikaenda chenyewe kwenye kile kilimi cha upande wa pili, kile pambo lisilo na kazi, kikakisukuma chini. Nikashika mfuko wa shati wenye rasimu.

Ya kwanza ilitoka nje ya duara. Akafumba macho, akavuta pumzi, akayafungua. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikaingia. Ya nne ikatoka kidogo, Neema akanifinya mkono mpaka leo nina alama. Ya tano, sita, saba, zote ndani, na mlio ulipotoka mabega yake yalikaa pale pale. Ya nane ndani. Zimebaki mbili, na anahitaji moja tu. Akashusha bastola mezani akapumzika, kama tulivyomfundisha. Akainua. Ndani. Angeweza kuacha hapo. Akapiga ya kumi, na hiyo ikawa nzuri kuliko zote, katikati kabisa.

Akaifungua, akatoa magazini, akaiweka mezani, akarudi nyuma hatua moja. Mwenye zamu akatangaza uwanja uko salama, akaenda kuhesabu, akarudi. Nane.

Neema akapiga vigelegele. Mzee mmoja wa klabu akakimbilia mlango akidhani ni king'ora cha moto. Furaha alikuwa amesimama pale pale, anaitazama mikono yake kama ni ya mtu mwingine, akaninyooshea yote miwili nione. Haikuwa inatetemeka.

"Niliisikia, Papa," akasema. "Kumi zote. Nilikuwa nasimama."

Nilimkumbatia, na sioni aibu kuwaambia nililia mbele ya Wazungu.

Tukanywa chai, tukala mandazi yaliyosalia. Halafu Furaha, ambaye sasa alikuwa na mdomo, akaniambia, "Na weye, Papa? Kila Jumamosi naangalia. Kichwa chako kinapinda. Kamata na kushoto, tuone."

Nikasema mimi ni mzee, nimezoea. Kev akaweka kikombe chini. "Miaka ishirini na sita nakuambia shingo ya kuku," akasema. "Ulidhani nakutania?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi nilikuwa nakutania pia. Nenda ukajaribu."

Nikaenda. Ule mkono haujapewa kazi ya maana tangu khanga ya bibi, na risasi yangu ya kwanza iliua udongo. Ya pili sijui ilikokwenda. Ya tatu niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: ile nukta ya kijani ilikuwa imekaa mbele ya jicho langu la kushoto moja kwa moja, na shingo yangu ilikuwa imenyooka. Nikavuta. Ikaingia ukingoni mwa duara jeusi. Ilinifurahisha kama mtoto, na nikasikitika kidogo hapo hapo kwa ajili ya kijana mmoja wa Morogoro aliyefungwa khanga mkononi.

Jumatatu nilikwenda Liverpool na ripoti mpya. Ile rasimu niliichana kwenye treni. Hii ilisema: triga safi, shabaha safi, mpini unafaa mkono mdogo, na kilimi cha pande mbili ndicho kitu bora kuliko vyote walivyoongeza, inafaa kwa wanaoanza, ila mwenye kufundisha amkague kwanza mwanafunzi kabla ya kuikagua bastola. Kev akasoma yote polepole. Kisha akageuza fomu kuelekea kwangu, akaweka kidole chake kirefu kwenye mstari wa kwanza.

"Ni ya mwisho," akasema. "Saini hapo. Umestahili."

Niliungojea mstari ule miaka ishirini na sita. Nikachukua kalamu, nikaihamishia mkono wa kushoto, nikashuka mpaka mstari wa tatu, wa asiyejua kitu, nikaanza kuandika jina langu. Ilichukua muda. Kev alisubiri.

"Na huu wa kwanza?" akauliza. "Nimwandike nani?"

"Mwandike Furaha."

"Ameanza juzi tu, mate."

"Wa pili basi mwandike nani?" nikamuuliza.

Kev akafikiri, akacheka mpaka akakohoa, akavuta kalamu, akasaini mwenyewe mstari wa pili. Jumamosi Furaha akaja kusaini wa kwanza. Kev ndiye aliyemkabidhi kalamu, na aliitoa kwa mkono wa kushoto.

Ile fomu imetundikwa ukutani karakanani, juu ya cherehani ya mama yake, ambayo siku hizi haizuii mlango. Mkipita Liverpool ingieni muione. Jina langu liko chini kabisa, limeinama kama la mtoto wa chekechea, na ile N imeandikwa nyuma mbele.